Kauli na Msemaji Wake: Mji wa Pate na Suala la Kinachostahili Kuingia katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Utangulizi

Makala ya kamusi elezo ya mtandaoni ni mojawapo ya matini zinazosomwa sana leo na kuhakikiwa kwa nadra mno. Sababu ya kimya hiki si vigumu kuitambua. Matini hizi huchukuliwa kuwa ghala la taarifa tu: hazina nafsineni, hazina msuko, na mtunzi wake ni umati usiojulikana. Mhakiki aliyezoea riwaya, tamthilia na tenzi huwaachia wakutubi. Hata hivyo, kila makala ya aina hii ni zao la uteuzi. Jambo moja limeingizwa, jingine limeachwa, la tatu liliingizwa kisha likafutwa. Palipo na uteuzi pana mtazamo, na palipo na mtazamo mhakiki hawezi kudai kwamba hana kazi.

Tahakiki hii inachunguza uteuzi huo kwa kuuangalia mji mmoja mdogo, nao ni Pate, katika kisiwa cha jina hilo hilo kwenye Kaunti ya Lamu. Pate imeteuliwa kwa sababu inavisumbua vipimo vya kawaida. Kwa kipimo cha uchumi na utawala wa leo, ni makazi madogo ya wavuvi na wakulima, ambao baadhi yao hupanda tumbaku katikati ya magofu. Kwa kipimo cha fasihi, ni mji ambao Bwana Mwengo bin Athman aliutungia Utenzi wa Tambuka mnamo 1728, ambao magofu yake yanahusishwa na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na ambao una tarehe ya wafalme wake iliyohaririwa na kufasiriwa mara kadhaa na wataalamu wa nchi za mbali. Je, makala kuhusu mji kama huu ijumuishe nini, na kwa kigezo gani?

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kigezo kinachotumiwa sana na watunzi wa kamusi elezo, yaani kwamba taarifa iwe imekwisha kupigwa chapa mahali pa kuaminika, ni cha lazima lakini hakitoshi. Mapokeo ya maandishi ya Waswahili yenyewe yana kigezo kinachoweza kukikamilisha: kila kauli iwe na msemaji wake, msemaji huyo atajwe, na uzito wake upimwe.

Mipaka ya jina

Uamuzi wa kwanza wa mtunzi wa makala hauhusu habari bali jina. "Pate" ni jina la mji na vilevile ni jina la kisiwa. Kisiwani humo kuna pia Siyu, Faza, Kizingitini na Tundwa, pamoja na magofu ya Shanga. Miji hii ilikuwa na tawala zake, mafundi wake na ugomvi wake, na mara nyingi iligombana na Pate yenyewe. Anayeandika juu ya mji huku akichota habari za kisiwa kizima huupa mji sifa zisizo zake na kuwapokonya majirani walicho nacho.

Mfano ulio wazi ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, akaolewa na Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, na utendi wake kwa bintiye ni wa mwaka 1858. Ni rahisi sana kumwingiza katika orodha ya watu mashuhuri wa mji wa Pate, kwa kuwa jina la kisiwa linaruhusu. Lakini historia ya maisha yake inamfungamanisha na Siyu, mji uliokuwa na ngome yake na uliopambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar hadi miaka ya 1860. Kumhamishia Pate ni kuendeleza katika karne ya 21 ubwana ambao Siyu iliukataa katika karne ya 19.

Hali kadhalika, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza mifupa kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Matokeo yake, kwamba wengi wa marehemu hao walikuwa na asili ya wanawake wa Kiafrika na ya wanaume ambao wengi wao walihusiana na Uajemi, yana umuhimu mkubwa kwa mjadala wa asili ya Waswahili. Makaburi hayo, hata hivyo, hayakuwa ya mji wa Pate. Yaliyo karibu zaidi ni ya Faza, kisiwani humo humo, na ya Manda, kisiwa jirani. Makala kuhusu Pate inaweza kumwelekeza msomaji kwenye utafiti huo. Haiwezi kuufanya kuwa cheti cha nasaba cha mji. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu taarifa yoyote halipaswi kuwa iwapo taarifa hiyo inavutia, bali iwapo inauhusu mji huu hasa.

Kiunzi cha makala

Makala za miji midogo hufanana mno. Huanza na mahali mji ulipo, zikafuata idadi ya watu, historia fupi, uchumi, na orodha ya watu mashuhuri. Mfanano huu una chanzo. Mnamo Oktoba 2002, toleo la Kiingereza la Wikipedia, lililoanzishwa Januari 2001, liliongezewa makala zipatazo 30,000 kuhusu miji na maeneo ya utawala ya Marekani. Makala hizo hazikutungwa na watu waliokaa kitako wakaandika. Zilitungwa na programu ya kompyuta iliyoitwa Rambot, ambayo ilichukua takwimu za sensa ya Marekani ya mwaka 2000 na kuzigeuza kuwa sentensi. Watu walikuja baadaye, wakakuta nyumba imekwisha kusimamishwa nguzo, wakaongeza vyumba.

Kwa lugha ya uhakiki, huo ulikuwa ni mchango mkubwa katika kuuasisi utanzu. Fani ilitangulia maudhui. Mji ulifafanuliwa kwanza kuwa ni kitu kinachohesabika, na kila kisichohesabika kikawa nyongeza. Kwa mji wa Marekani ambao dola yake imeuhesabu kila miaka kumi tangu ulipoanzishwa, kiunzi hicho kina mantiki. Kwa Pate, mantiki hiyo inayumba. Takwimu ya sensa ya Kenya ya 2019 inayotajwa mara nyingi, watu 143,920, ni ya Kaunti nzima ya Lamu. Ikiwekwa mwanzoni mwa makala kuhusu Pate, haisemi lolote juu ya Pate. Lakini kiunzi kinadai nambari, na mtunzi mwenye haraka hukitii.

Nambari ikishakosekana, pengo la historia nalo hujazwa na wageni. Mreno aliyepita, ofisa wa Kiingereza aliyeandika na mwakiolojia aliyechimba ndio wenye vitabu, na kwa hiyo ndio wanaoweza kutajwa. Ikumbukwe kwamba Wikipedia inaongozwa na kanuni tatu kuu: kutoegemea upande, uthibitikaji wa taarifa, na kutoingiza utafiti mpya wa mwandishi mwenyewe. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo inayokusudia kuwanyamazisha wakazi wa mji mdogo. Zinapokutana na mji ambao kumbukumbu zake nyingi hazikupigwa chapa, au zilipigwa chapa na wengine, matokeo yake yanaweza kuwa ni hayo hayo.

Bwana Kitini na tatizo la chapa

Ugumu wa kanuni ya chapa unadhihirika tunu ya maandishi ya Pate, yaani Habari za Pate, inapochunguzwa. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili cha wafalme wa Pate kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Wanabahani uliohamia Witu, na kwamba kilipotea Waingereza walipoushambulia mji huo mnamo 1890. Kilichobaki ni matoleo yaliyotokana kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhany, aliyejulikana kama Bwana Kitini. C. H. Stigand alichapisha masimulizi yake kwa Kiingereza mwaka 1913 katika kitabu cha The Land of Zinj. Alice Werner alichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake mnamo 1914 na 1915. M. Heepe akatoa toleo lake kwa Kijerumani mwaka 1928. Mwaka 1993, Marina Tolmacheva alihariri na kufasiri miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukweli huu una maana kubwa kwa mada hii. Mzee wa Pate anayesimulia leo habari za mtaa wake haruhusiwi kuingia katika makala, kwa kuwa masimulizi yake hayathibitiki. Bwana Kitini anaruhusiwa. Na Bwana Kitini alikuwa nani? Alikuwa mzee anayesimulia. Ni kweli kwamba alikuwa wa ukoo wa watawala na kwamba alisifika kwa kumbukumbu ya tarehe. Lakini kilichoyageuza masimulizi yake kuwa marejeo si nasaba wala kumbukumbu. Ni kwamba wageni waliyaandika na kuyapiga chapa. Kanuni inayoyakataa masimulizi mlangoni imekwisha kuyakaribisha ukumbini, mradi yamevaa jalada la kitabu.

Aidha, kupigwa chapa hakukuzifanya tarehe za Bwana Kitini ziwe sahihi. Habari za Pate huuweka mwanzo wa utawala wa Wanabahani mwanzoni mwa karne ya 13. Mwaka 1969 Neville Chittick alionyesha kwamba tarehe za sehemu ya mwanzo haziwiani na ushahidi wa uchimbaji wala na maandishi ya Wareno, na akaona kwamba ukuu wa Pate ulikuja baadaye sana. Naye Chittick hakuachwa salama. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba makazi ya Pate ni ya kale kuliko alivyoamini. Katika muda wa chini ya miaka mia moja, matini tatu zilizochapishwa mahali pa kuaminika zimetoa picha tatu za mwanzo wa mji mmoja.

Mtunzi wa makala afanyeje? Anaweza kuandika: "Wanabahani walianza kuitawala Pate mwanzoni mwa karne ya 13." Sentensi hiyo inathibitika, kwa kuwa kitabu kipo, na bado inapotosha. Anaweza kuiondoa kabisa kwa hoja kwamba imekanushwa, na hapo ataifuta kauli ambayo kwa vizazi vingi ndiyo iliyouambia mji huo wenyewe ni nani. Njia ya tatu ni kuirudisha kauli kwa mwenyewe: Bwana Kitini, wa ukoo wa Wanabahani, alisimulia hivi, Chittick alipinga kwa ushahidi huu, Wilson na Omar waliongeza lile. Sentensi inakuwa ndefu, na makala inapoteza ile sauti yake ya kutoka juu mawinguni. Lakini msomaji anapata kitu ambacho sentensi fupi ilimnyima, yaani kujua anamsikiliza nani.

Utaratibu huu si mgeni katika mapokeo ya pwani. Jamii iliyosoma elimu ya hadithi ilizijua isnadi: hakuna matini bila mlolongo wa wapokezi. Isnadi haikuwa orodha ya majina tu. Wapokezi walipimwa uaminifu wao, kumbukumbu zao na maslahi yao, na matini ikapewa daraja kulingana na kipimo hicho. Washairi wengi wa tenzi nao walizoea kujitaja, na pengine kutaja mwaka, katika beti za mwisho. Kwa hiyo dai kwamba kauli iwe na msemaji ni kanuni ambayo Bwana Mwengo angeielewa bila kufafanuliwa. Kwa kipimo hiki, Bwana Kitini ni mpokezi mwenye thamani kubwa na mwenye maslahi makubwa vilevile, kwa kuwa ukongwe wa utawala anaousimulia ni ukongwe wa jamaa zake. Makala inayolitaja jina lake bila kuutaja ukoo wake imetekeleza nusu ya wajibu.

Ushairi kama ushahidi

Suala la pili linahusu nafasi ya ushairi. Watunzi wa makala za miji hukabiliana na Al-Inkishafi kwa namna mbili, na zote mbili zina kasoro. Namna ya kwanza ni kuiacha kwa sababu ni shairi, na shairi si historia. Namna ya pili ni kuichukua kuwa picha halisi ya Pate: majumba yaliyong'ara kwa taa, zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kauri, kisha popo na wadudu wakarithi. Kutokana na hapo, utajiri wa mji hukadiriwa kwa kufuata tungo.

Namna hii ya pili inasahau utanzu. Nafsineni katika Al-Inkishafi haikukusudia kuorodhesha mali ya Pate. Inauhutubia moyo wake, na magofu ni hoja katika mawaidha juu ya udhaifu wa dunia. Kwa mujibu wa dhamira hiyo, utajiri wa zamani lazima uwe mkubwa ili anguko liwe la kutisha. Mtunzi wa makala anayeyachukua maelezo hayo kama hesabu ya ghala anamfanya mshairi kuwa karani. Hii haimaanishi kwamba tungo hiyo ni uzushi. Zidaka zipo katika majengo ya kale ya pwani, vigae vya kauri ya Uchina huokotwa katika magofu ya miji hiyo, na vitambaa vya hariri vya Pate vilisifiwa na Wareno. Lakini ushahidi wa mambo hayo ni majengo, vigae na maandishi ya Wareno. Tungo inashuhudia jambo jingine lililo kubwa zaidi: kwamba kufikia mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ilikuwa imekwisha kuwa mfano, na Mswahili aliyetaka kuuona mwisho wa fahari alijua aelekeze macho wapi.

Jambo hilo ni taarifa kuhusu mji, na linastahili nafasi katika makala sawa na tarehe ya vita au jina la mfalme. Vivyo hivyo kuhusu Utenzi wa Tambuka. Vita unavyovisimulia vilipiganwa mbali na pwani ya Waswahili, baina ya jeshi la Waislamu na la Herakli wa Rumi. Taarifa yenye uzito kwa makala kuhusu Pate ni kwamba mwaka 1728 mji huo ulikuwa na mtawala wa kuagiza utungo wa kiasi hicho, mshairi wa kuutunga, na hadhira ya kuusikiliza.

Kipimo cha uaminifu wa makala ni kile inachofanya na fasihi isiyoisifu Pate. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate ndiye mwenye hila. Humwonea shujaa kijicho, humfunga gerezani, na mwishowe humtumia mwana wa Liyongo amuue babake. Liyongo si mtu wa Pate, wala haistahili kumworodhesha miongoni mwa watu wake mashuhuri. Lakini sifa ya Pate kama makao ya mfalme dhalimu katika simulizi linalojulikana kuliko mengi ya pwani ni sehemu ya jina la mji. Mpenzi wa Pate angependa kuiacha. Makala inayoiacha imeegemea upande, hata kama kila sentensi iliyomo inathibitika.

Hali ni hiyo hiyo kwa vita vya Shela vya miaka ya 1812 na 1813, ambamo Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu. Kwa Lamu, vita hivyo ni mwanzo wa ustawi. Kwa Pate, ni mwanzo wa machweo. Tukio ni moja, ila makala za miji hiyo miwili hazilazimiki kulisimulia kwa uzito mmoja. Zinalazimika tu kutofichana.

Kisa cha mabaharia wa Uchina

Katika visiwa vya Lamu husimuliwa kwamba mabaharia wa Kichina walizama karibu na Shanga, wakaokoka, wakaoa na kuzaa, na kwamba baadhi ya familia za Siyu na jirani zake ni vizazi vyao. Kisa hiki kilivuma ulimwenguni mwandishi wa habari wa Marekani, Nicholas Kristof, alipokiandika mwaka 1999, na kikavuma tena mwaka 2005, Uchina ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za Zheng He. Kwa kipimo cha chapa, hakuna habari ya kisiwa cha Pate iliyo na marejeo mengi ya hivi karibuni kuliko hii. Matokeo yake yanaweza kukisiwa: mtunzi wa makala anayehesabu marejeo atakipa kisa hiki aya tatu, na Bwana Mwengo nusu sentensi.

Hapa linajitokeza suala la uwiano. Kisa hicho kina haki ya kutajwa, kwa kuwa kinasimuliwa, na kusimuliwa kwake ni jambo la kweli. Kinapaswa kutajwa kwa isnadi yake: nani walikuwa wakikisimulia kabla ya magazeti kufika, nani walikibeba baadaye, na ni mahusiano gani ya kidola yaliyokipa mabawa. Tena kinahusu Shanga na Siyu zaidi ya mji wa Pate, na makala kuhusu Shanga ndiyo inayofaa kukibeba, pamoja na uchimbaji wa Mark Horton wa miaka ya 1980 uliofichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Wingi wa magazeti unapima udadisi wa wasomaji wa mbali. Haupimi uzito wa jambo katika maisha ya mji.

Hoja ya wanaoitetea chapa

Ni haki kuisikiliza hoja ya upande wa pili, maana ina nguvu. Kanuni ya uthibitikaji haikuwekwa kwa dharau. Mji mdogo una koo, na koo zina madai. Nasaba hutumiwa kutafuta heshima, na pengine ardhi. Ikiwa kila kumbukumbu itaingia kwa kuwa inakumbukwa, makala itakuwa medani ya kujitapa: leo ukoo huu umewasili kwanza, kesho umewasili ule, na mwenye muda mwingi wa kuketi mbele ya kompyuta ndiye atakayekuwa mwenyeji wa kale. Mji mkubwa una wasomaji wa kutosha kuugundua uongo. Mji mdogo hauna, na uongo ulioandikwa juu yake unaweza kukaa miaka.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, inachokihitaji ni ulinzi dhidi ya kauli isiyo na mwenyewe, na chapa ni njia moja tu ya ulinzi huo. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi nchini India na Afrika Kusini uliojaribu njia nyingine: masimulizi yalirekodiwa, yakahifadhiwa, na makala za Wikipedia zikayataja kama marejeo. Mradi huo ulizua ubishi miongoni mwa wahariri, na ubishi wenyewe ulikuwa na manufaa, kwa kuwa ulilazimisha swali liulizwe waziwazi. Masimulizi yaliyorekodiwa, yenye jina la msimulizi aliyeridhia, tarehe, mahali, na nakala iliyowekwa katika hifadhi iliyo wazi, yanaweza kurudiwa na kupingwa. Hiyo ndiyo maana ya kuthibitika. Kinachokosekana ni taasisi za kuyapokea, na hapo lawama haziwezi kuelekezwa kwa kamusi elezo peke yake. Miswada ya pwani imehifadhiwa London na Dar es Salaam kwa sababu kulikuwa na watu waliojali kuikusanya. Vyuo vikuu vya Kenya vimefundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi, na wanafunzi wamekusanya masimulizi katika nyanja za utafiti. Makusanyo hayo yasipowekwa mahali ambapo msomaji anaweza kuyafikia, kila kizazi cha wanafunzi kitakusanya upya kana kwamba hakuna aliyetangulia.

Lugha ya makala

Wikipedia ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003. Kati ya mwaka 2009 na 2010, kampuni ya Google iliendesha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania la kuiandikia makala. Juhudi za aina hii huongeza idadi, lakini zina hatari yake. Njia ya haraka ya kupata makala ni kuitafsiri ya Kiingereza, na makala iliyotafsiriwa hubeba pamoja nayo msomaji wake wa awali. Humweleza Mswahili kwamba dau ni chombo cha majini na kwamba utenzi ni shairi refu, lakini haimwelezi lolote kuhusu Kipate.

Kuhusu Pate, hasara hiyo si ndogo. Lahaja za kaskazini, Kiamu pamoja na Kipate na Kisiu, ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale ambao wanafunzi wa leo huusoma kwa msaada wa faharasa. Makala ya Kiingereza inaweza kuridhika kwa kusema kwamba wakazi huzungumza lahaja ya Kiswahili. Makala ya Kiswahili ikisema hivyo tu, imemwambia msomaji anachokijua na kumficha anachokihitaji. Kwa hiyo kinachostahili kuingia hakiwezi kuamuliwa mara moja kwa lugha zote. Kauli zile zile, wasemaji wale wale, lakini mpangilio na uzito ufuate anayesoma.

Hitimisho

Imebainika kwamba uamuzi wa nini kiingie katika makala kuhusu mji mdogo ni uamuzi wa kihakiki kabla ya kuwa wa kiufundi. Kigezo cha chapa pekee kinamkubali Bwana Kitini na kumkataa jirani yake, kinaweza kuipitisha tarehe yenye shaka kwa kuwa ina kitabu, na kinakikuza kisa cha mabaharia kwa kuwa kina magazeti. Kigezo cha kauli na msemaji wake hakikiondoi kile cha kwanza. Kinakidai kieleze zaidi: nani amesema, kwa maslahi gani, juu ya mji upi hasa, na nani amempinga.

Hili si jambo la wataalamu peke yao. Mwanafunzi wa shule ya Pate akitafuta leo jina la mji wake, makala ya kamusi elezo itakuwa miongoni mwa matini za mwanzo atakazokutana nazo. Akikuta humo takwimu ya kaunti, meli ya Wachina na tarehe isiyo na mwenyewe, atafundishwa kwamba mji wake ni mahali palipopitiwa na wengine. Akimkuta Bwana Mwengo na mwaka wake, Bwana Kitini na ukoo wake, mfalme wa Pate na hila zake, pamoja na wale waliobishana juu ya yote hayo, atajua kwamba mji wake umekuwa ukijisimulia kwa muda mrefu, na kwamba mjadala huo haujafungwa kiasi cha yeye kukosa nafasi ya kusema.